Ahadi ni Deni: Kuchagua Shahada ya Fedha Ughaibuni

Baba yangu analima kahawa Masaka, nchini Uganda. Shamba lake ni ekari sita. Likizo iliyopita, tukiwa uani tunaanika kahawa, aliniambia kwamba yuko tayari kuuza ekari nne ili nikasome shahada ya uzamili ya fedha Uingereza mara nitakapomaliza shahada ya kwanza. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi. Mama alisikia, akaendelea kugeuza kahawa kwa reki bila kusema neno.

Jioni ile alikuja mjomba, ambaye amefanya kazi Dubai kwa miaka mingi. Aliposikia habari ya kuuza ardhi alikasirika. Akaniambia, "Mwanangu, usimwache baba yako auze shamba. Ufadhili upo. Omba, tia sahihi kwamba utarudi, usome, kisha uende zako. Nani atakufuata?" Baba hakumjibu. Nami sikumjibu, kwa kuwa si adabu kubishana na mjomba mbele ya watu. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kichwani, na insha hii ni jibu lenyewe.

Swali langu ni hili: je, ni haki kutoa ahadi ya kurudi nyumbani ili kupata shahada ambayo mtu anaitaka kwa sababu anataka kufanya kazi ughaibuni? Wenzangu wengi darasani wanalitazama suala la uzamili kama hesabu tu: ada ni kiasi gani, mshahara utakuwa kiasi gani, gharama itarudi baada ya miaka mingapi. Hesabu hiyo ni ya lazima, na nitaianza mimi mwenyewe. Nitajaribu kuonyesha kwamba ndani ya hesabu hiyo kuna swali la maadili ambalo hesabu haiwezi kulijibu.

Kwanza niseme ukweli kuhusu ninachokitaka. Ninataka kufanya kazi katika masoko ya fedha, na ninataka kuifanya London. Soko la hisa la Kampala lilianza kuuza na kununua hisa mwaka 1998, na mpaka leo kampuni zilizoorodheshwa hapo hazifiki ishirini. London zipo zaidi ya elfu moja. Kijana anayetaka kujifunza uvuvi wa bahari kuu haendi kwenye bwawa. Mshahara nao ninautaka, sitajifanya mtawa. Nina wadogo watatu ambao bado wako shuleni.

Njia za kufika huko ni kadhaa. Kuna shahada ya usimamizi wa biashara, MBA, lakini vyuo vikubwa humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka kadhaa, nami sina. Kuna uzamili wa fedha wa mwaka mmoja, unaofundisha kuthamini kampuni, kupanga uwekezaji na kupima hatari. Kuna uzamili wa hisabati ya fedha, unaofundisha kukadiria bei ya mikataba ambayo thamani yake inategemea thamani ya kitu kingine, kama hisa, mafuta au sarafu. Elimu hiyo ilipata nguvu baada ya mwaka 1973, Fischer Black na Myron Scholes walipochapisha kanuni yao maarufu. Na kuna njia ya kutosoma uzamili kabisa: kufanya mitihani mitatu ya CFA huku ukiwa kazini, kwa gharama ambayo ni sehemu ndogo sana ya ada ya chuo.

Ada ya uzamili wa fedha katika vyuo vikubwa vya London hupita pauni 40,000 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 180 za Uganda, kabla ya chakula na kodi ya chumba. Vyuo vya miji mingine hutoza chini ya hapo, na hivyo ndivyo baba alivyokuwa amevipigia hesabu. Hapa inafaa kumkumbuka mwanauchumi Michael Spence, ambaye mwaka huohuo wa 1973 alieleza kwamba shahada inaweza kumsaidia mtu kupata kazi hata kama haikumwongezea ujuzi wowote. Kwa mwajiri, shahada ni ishara kwamba mwenye nayo ni mtu wa uwezo fulani. Ikiwa Spence ana haki hata nusu, basi sehemu ya fedha za shamba la baba zingenunua jina la chuo kwenye cheti, na si elimu.

Njia iliyobaki ni ufadhili. Ufadhili unaojulikana zaidi kwetu kwa masomo ya Uingereza ni Chevening, ambao serikali ya nchi hiyo imekuwa ikiutoa tangu mwaka 1983. Hulipa ada yote ya uzamili wa mwaka mmoja, nauli na posho. Mwombaji anatakiwa awe amefanya kazi kwa saa 2,800, yaani karibu miaka miwili. Na anaahidi kwamba akimaliza atarudi nchini mwake na kukaa huko kwa muda usiopungua miaka miwili. Ahadi hiyo ndiyo aliyoizungumzia mjomba.

Mjomba si mtu mjinga. Anajua kwamba tangu mwaka 2021 Uingereza ina viza inayowaruhusu waliohitimu kubaki na kutafuta kazi, na anajua pia kwamba mtu aliyefadhiliwa kikamilifu na serikali katika miezi 12 iliyopita haipati viza hiyo bila barua ya ridhaa kutoka kwa mfadhili. Kwa hiyo alisema nisibaki London. Niende kwanza Dubai, ambako pia kuna benki za kila taifa, na London nitaifikia baadaye. Kwa maneno mengine, mlango mmoja ukifungwa na sheria, niupite mwingine.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba hakuna atakayenifuata. Hoja hii inachanganya mambo mawili: kama ninaweza kushtakiwa, na kama nina deni. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, anatoa mfano ambao msomaji wa fedha hapaswi kuupita. Mtu ana shida ya pesa. Anajua hawezi kuzilipa, lakini anajua pia kwamba hatakopeshwa asipoahidi kulipa. Je, aahidi? Kant anatuomba tuifanye tabia hiyo kuwa sheria ya watu wote: kila mwenye shida aahidi lolote, huku akijua hatatimiza. Papo hapo ahadi yenyewe inakufa, kwa sababu hakuna atakayeisadiki, na wanaoahidi watachekwa. Mwongo anafaulu kwa sababu moja tu, kwamba wengine si waongo. Anakula akiba ya uaminifu iliyowekwa na watu wengine.

Nikiisoma hoja hiyo kama mwanafunzi wa fedha, naona kwamba inaeleza kazi ninayoitaka. Hatifungani ni ahadi ya kulipa. Noti ya benki ni ahadi. Bima ni ahadi. Lugha yetu imelihifadhi jambo hili vizuri: amana, amini na imani ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Soko la hisa la London lina kaulimbiu ya Kilatini, *Dictum meum pactum*, yaani neno langu ni mkataba wangu. Waswahili walikuwa wamelisema hilo kwa maneno matatu: ahadi ni deni. Basi mjomba ananishauri niingie katika biashara ya ahadi kwa kuvunja ahadi. Ni sawa na mtu anayetaka kuwa mwalimu wa Kiswahili, kisha anaanza kwa kuiba mtihani wa Kiswahili.

Somo la masoko ya fedha linatufundisha tofauti nyingine inayofaa hapa. Kuna mkataba uitwao opsheni. Mwenye opsheni ana haki ya kununua kitu kwa bei fulani siku ya baadaye, lakini halazimiki. Bei ikimfaa ananunua, isipomfaa anaondoka. Kwa uhuru huo analipa ada tangu mwanzo. Mkataba mwingine unazifunga pande zote mbili: siku ikifika, bei iwe nzuri iwe mbaya, kila mmoja anatimiza. Mjomba anataka nichukue mkataba wa aina ya pili na kuutumia kama ule wa kwanza. Nikirudi, sawa, nikipata kazi nzuri zaidi, nisirudi. Uhuru huo una bei, na mimi sikuilipa. Kuna mtu mwingine anayeilipa, na huyo nitamtaja baadaye.

Hoja ya pili ya mjomba ina uzito zaidi. Anasema nikiwa nje nitaisaidia nchi kuliko nikiwa ndani. Waganda walio ughaibuni hutuma nyumbani zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka. Karo yangu ya sekondari yenyewe ilitoka Dubai kwa njia hiyo, na siwezi kuidharau. Lakini hoja hiyo inathibitisha tu kwamba kufanya kazi nje kunaweza kuwa jambo jema. Haithibitishi kwamba ninaweza kulipia jema hilo kwa uongo. Mkulima aliyekopa mbegu akiahidi kurudisha magunia mawili ya mahindi hawezi kumwambia mkopeshaji, "Mahindi nimewapa maskini, na hilo ni jema zaidi." Labda ni kweli kwamba ni jema zaidi. Lakini mahindi yale hayakuwa yake kuyagawa.

Hoja ya tatu haikusemwa na mjomba. Niliisikia bwenini, na ndiyo iliyonisumbua zaidi. Rafiki yangu alisema: "Unaogopa kumdanganya Mwingereza? Yeye alitutawala kuanzia 1894 hadi 1962. Pamba na kahawa alichukua. Huo ufadhili ni riba ya mali yetu." Sina nia ya kuikataa historia hiyo. Babu yangu aliishi ndani yake. Hata hivyo naona matatizo mawili. La kwanza, mtu anayedai haki huidai kwa sauti. Nikiamini kwamba fedha zile ni zetu, basi niseme hivyo kwenye fomu ya maombi, niandike kwamba ninakuja kuchukua changu na sitarudi. Nikiandika kinyume cha hayo ili nikubaliwe, sidai tena, ninalaghai. La pili ni kwamba anayeumia si yule aliyetawala. Nafasi za ufadhili zina hesabu. Nikiichukua moja kwa ahadi ya uongo, kuna Mganda mwingine, pengine muuguzi au mhandisi wa maji, aliyesema kweli kwamba atarudi na akakosa. Na wafadhili wakiona kwamba watu wetu hawarudi, mwaka ujao watawashuku wadogo zangu. Hao ndio wanaoilipa ile bei niliyosema nitaitaja. Deni la kihistoria kati ya mataifa haliwezi kulipwa kwa mimi kumpora jirani.

Je, hii ina maana kwamba ahadi ikishatolewa haiwezi kubadilika hata iweje? Hapana. Mwanzoni mwa kitabu cha Plato kiitwacho *Jamhuri*, mzee Cephalus anaielezea haki kama kusema kweli na kulipa madeni. Socrates anamuuliza: rafiki yako akikuachia silaha zake, kisha akapata wazimu na kuja kuzidai, utamrudishia? Wote wanakubali kwamba haifai. Kwa hiyo hali inaweza kubadilika kiasi kwamba kutimiza ahadi kukaleta madhara. Vita vinaweza kuzuka, mtu anaweza kuugua ugonjwa usiotibika nyumbani. Lakini hata hapo kuna tofauti kati ya kuvunja ahadi na kuomba kufunguliwa. Mkopaji aliyeharibikiwa na mavuno anaweza kwenda benki na kuomba mkopo upangwe upya. Mwingine anazima simu na kuhama mtaa. Wote wawili hawakulipa siku ya kulipa, lakini hakuna anayewahesabu kuwa sawa. Anayeweza kunifungua ni yule niliyemwahidi. Mimi siwezi kujifungua mwenyewe, wala mjomba hawezi kunifungua.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba ahadi hutimizwa au huvunjwa siku ya kupanda ndege. Nilipozipitia kozi moja baada ya nyingine, niligundua kwamba uamuzi hufanyika mapema zaidi, siku ya kuchagua kozi. Nikichagua uzamili wa hisabati ya fedha, wenye mwaka mzima wa kukadiria bei za opsheni, nitarudi Kampala kufanya nini kwa miaka miwili? Hapa hatuna soko la mikataba hiyo. Nitakaa nikihesabu siku kama mfungwa, au nitatafuta kisingizio cha kuondoka. Maana yake ni kwamba kwa kuchagua kozi hiyo nitakuwa nimekwisha kuamua kutorudi, hata kama mkono wangu umeandika kwamba nitarudi. Nia ya mtu haiko katika sentensi aliyoiandika kwenye fomu peke yake. Iko pia katika orodha ya masomo aliyoyachagua.

Kwa upande mwingine, kuna kozi za fedha zinazofundisha mikopo, hatifungani za serikali, usimamizi wa benki na fedha za maendeleo. Benki Kuu ya Uganda huuza hatifungani mara kwa mara. Wakulima kama baba huuza kahawa kavu isiyokobolewa, ambayo kwetu huitwa kiboko, kwa bei yoyote anayoitaja mnunuzi, mara nyingine ikiwa bado mtini, kwa sababu hawana mkopo wa kuwafikisha msimu wa bei nzuri. Mtu aliyesoma jinsi ya kupima hatari ya mkopo ana kazi ya kufanya hapa kwa miaka miwili bila kuona kwamba anapoteza muda. Elimu hiyohiyo inakubalika London. Huenda haimfikishi mtu kwenye meza yenye mshahara mkubwa kuliko zote, lakini inamruhusu kutia sahihi ile ahadi bila kusema uongo.

Inabaki njia ya baba. Kwa juu juu ndiyo safi kuliko zote: hakuna fomu, hakuna sharti, nikimaliza ninaweza kukaa London maisha yangu yote. Nilidhani hivyo kwa wiki nzima. Kisha nikajiuliza shamba lile ni la nani. Cheti cha manunuzi kina jina la baba, lakini linawalisha watu sita na kuwasomesha watatu baada yangu. Deni la Chevening lina kiwango na lina mwisho: miaka miwili, kisha ninakuwa huru hata kurudi London kwa viza ya kazi. Deni la ekari nne halina tarehe ya mwisho. Hakuna mwaka ambao mama atasema sasa umelipa. Nikikosa kazi baada ya ile viza ya wahitimu kwisha, kahawa haitarudi, na hakuna benki ya kupangia upya deni hilo. Mkataba usioandikwa haufanyi mtu kuwa huru zaidi. Mara nyingi humfunga zaidi, na unawafunga pia watu ambao hawakuulizwa.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu, na ninauandika hapa ili wenzangu waweze kunikumbusha. Nimemwomba baba asiuze. Nitatafuta kazi hapa nchini nifikishe zile saa zinazotakiwa, na nitafanya mtihani wa kwanza wa CFA nione kama kazi hii kweli ni yangu au ni ndoto ya mishahara. Kisha nitaomba ufadhili kwa kozi ninayoweza kurudi nayo. Ikiwa siku hiyo nitaona moyoni kwamba sitaki kurudi, sitaomba. Hakuna anayelazimishwa kuahidi, na hilo ndilo linaloifanya ahadi kuwa na uzito.

Sijui kama nitapata. Wanaoomba ni wengi na nafasi ni chache, na inawezekana baada ya miaka mitatu nikawa bado karani wa benki Masaka, huku mwenzangu aliyetia sahihi bila nia akinipigia simu kutoka Dubai. Sitasema kwamba nitakuwa na furaha kuliko yeye, kwa sababu sijui. Hoja yangu haikuwa kwamba uaminifu unalipa. Hoja yangu ni kwamba deni ni deni hata pale ambapo kutolilipa kuna faida.

Nilipompigia baba kumwambia asiuze, alikaa kimya kidogo, akauliza, "Na huyo mnunuzi nimwambieje? Nilimpa neno." Nilikuwa sijalifikiria hilo. Mwishowe tulikubaliana kwamba ataenda mwenyewe nyumbani kwake, si kwa simu, amweleze na amwombe radhi.